Wanasema Si Wenyewe

Mama aliwatangazia watu kwamba naenda Yerusalemu kabla mimi mwenyewe sijaambiwa naenda wapi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, hapahapa Morogoro, nasomea kilimo. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Viwanda vilikuwa vikiuzwa kimoja baada ya kingine. Baba alikuwa amepunguzwa kazi, akaenda Kihonda kufuga kuku ambao waliisha wote kwa kideri, na nyumba yetu ya Mafiga ikawa inasimama kwa mboga ambazo mama alizinunua alfajiri kwa wanawake wanaoshuka nazo mlimani na kuzipeleka sokoni. Chuoni nako wafadhili walikuwa wameanza kumiminika. Ubao wa matangazo haukukaa wiki bila karatasi mpya: huyu wa mazingira, yule wa demokrasia, mwingine wa mtoto wa kike. Ndipo likabandikwa tangazo la taasisi moja ya nje iliyokuwa ikiwalipia nauli na posho wanafunzi wa shahada ya kwanza waende kuishi wiki chache na jumuiya ya Wayahudi nje ya nchi yao, wajifunze maisha yao, warudi waandike. Niliomba kwa sababu sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wowote, na kwa sababu mhadhiri aliyekuwa akipokea maombi alisema waombaji ni wachache.

Nilipopata nilimwambia mama asubuhi akiwa anatoka kwenda sokoni. Nilisema nimepata safari ya kwenda kwa Wayahudi. Basi. Jioni nilipopita dukani kununua mafuta ya taa, muuza duka, mzee wa Kiislamu ambaye hakuwahi kunisemesha zaidi ya bei, aliniuliza kama nitafika na msikiti ule wa huko Yerusalemu. Nilimjibu kwamba sijui ninakopelekwa. Alicheka, akadhani nina maringo.

Mhadhiri aliniita baadaye kunieleza. Jumuiya niliyopangiwa ilikuwa Uganda, upande wa mashariki, vijijini, huko milimani. Ni Waafrika, akasema, wakulima, babu zao waliishika dini hiyo wenyewe zamani za ukoloni na hawajaiacha. Alisema hivyo huku akipanga karatasi zake, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake kiatu kisichomtosha. Nikamuuliza kama nafasi za Ulaya zimekwisha. Akasema za Ulaya hazikuwahi kuwepo kwa ajili yetu.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama taratibu, kama unavyomweleza mtu dozi ya dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Utapitia Uganda."

"Sipitii, mama. Naishia Uganda."

"Ndiyo. Utapitia huko kwanza."

Na chupa zikaanza kuletwa. Wanawake wa jumuiya yake, ile jumuiya ndogo ya parokia inayosali nyumba kwa nyumba, walikuja mmoja mmoja na chupa tupu zilizooshwa vizuri, kila moja na alama yake, hii imefungwa uzi mwekundu, ile imekwanguliwa msalaba kwa msumari, niwajazie maji ya Mto Yordani. Mama alizipokea zote. Nilimwambia azirudishe. Akasema nirudishe mwenyewe, niwaeleze wazee wa watu kwamba nimekataa kuwachotea maji. Nilijaribu kwa mmoja. Alinitazama kwa huruma, akaniambia nisijali, hata kikombe kimoja kinatosha.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa Matombo. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwa jambo kama safari ya nje ya nchi huwezi kumruka mjomba. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na shamba lake huko juu, ndizi na mdalasini na karafuu, na alikuwa mtu wa maneno machache tangu aliporudi kutoka vita vya Uganda nikiwa mtoto mdogo. Nilipanda kwenda kumwomba ruhusa. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia. Alisema, "Uganda hapana," akachukua panga akaenda kwenye migomba.

Nilikaa pale kwake nikingoja sababu. Hakuna sababu iliyokuja. Nilimsaidia mkewe kubandua magome ya mdalasini, tukala, tukaongea mvua, tukaongea barabara ilivyokatika, na kila nilipoirudisha safari alinyanyuka. Ningeelewa kama angeniambia wanawake hawasafiri, au hao watu ni wachawi, au anataka niolewe. Mtu akikupa sababu ya kijinga unapata pa kushika. Yeye hakunipa hata hiyo. Nikashuka mjini na hasira zangu.

Aliyeniokoa ni mama, kwa njia yake. Alipanda Matombo akamwambia kaka yake kwamba mtoto anakwenda Yerusalemu na Uganda ni njia tu. Mjomba si mtu wa kudanganywa hivyo, lakini kubishana na dada yake hakuweza. Alishuka mwenyewe mpaka Mafiga siku chache kabla sijaondoka, akaniletea kifurushi cha mdalasini na karafuu niwapelekee wenyeji wangu. Nilipomsindikiza alisimama barabarani.

"Wakikuuliza kama una ndugu aliyekuwa jeshini," akasema, "sema huna."

Nikaitikia. Sikuuliza kitu, nilikuwa nimeshachoka kuuliza.

Asubuhi ya safari mama alikuwa amenikaangia kitimoto, amekifunga vizuri kwenye majani na gazeti, nusu yangu ya njiani, nusu ya kuwaonjesha Wayahudi. Nikamwambia hawali nguruwe. Akauliza, "Kwani ni Waislamu?" Nikasema hapana, ila hawali nguruwe, na Jumamosi hawafanyi kazi. Akatua sufuria. Akasema, kumbe ni Wasabato, si ungesema mapema. Nilikila chote kabla ya Arusha.

Safari ilikuwa ya mabasi, Arusha, Nairobi, mpaka wa pili, halafu Mbale, na kutoka hapo kijana mmoja wa jumuiya ile alinipokea tukapanda mlima kwa miguu. Ninakumbuka njia ile vizuri. Udongo mwekundu unaoteleza. Migomba kushoto na kulia, kahawa chini yake. Wanawake wanashuka na vikapu vya maharage kichwani, ukungu umekaa kwenye bega la mlima, kuku anavuka. Nilisimama na begi langu nikataka kulia kwa hasira. Nilikuwa nimesumbuana na ofisi nzima ya watu, nimekaa kwenye mabasi mpaka miguu imevimba, ili nitoke Matombo nije Matombo.

Nilipangiwa nyumba ya bibi mmoja mjane aliyeishi na mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi. Bibi alikuwa mwembamba, mrefu, na kitambaa cheupe kichwani. Nilipiga goti kidogo nikasema, "Shikamoo, bibi." Aliurudisha mkono wake aliokuwa ameshaunyoosha. Hakukasirika, aliurudisha tu, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, kisha akamtazama mwanawe.

Mwalimu alinieleza baadaye, kwa Kiingereza. Kiswahili pale kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Watu wa umri wa mama yake walikijua kwa maneno kama lala chini, toa kitambulisho, leta kuku. Akanishauri niwe natumia Kiingereza. Mimi niliyelelewa nikiambiwa Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, ambaye hata kupanga bei ya nyanya sijui kwa lugha nyingine, nikawa nasalimia watu kwa Kiingereza cha darasani kwenye shamba la migomba, na bibi, asiyejua Kiingereza, ananijibu kwa lugha yake. Siku za mwanzo zilikwenda hivyo, tukionyeshana vitu kwa vidole.

Nilijifunza nilichotumwa kujifunza, na kwa sehemu kubwa nilijifunza kwa kukosea. Ijumaa mchana nyumba nzima ilikuwa mbioni: maji yanachotwa, mkate unasokotwa, vyakula vyote vinapikwa kabla jua halijazama, mishumaa inawashwa, na hapo kila kitu kinasimama. Jumamosi ya kwanza niliamka mapema nikachukua beseni na nguo zangu kwenda mtoni. Bibi alinifuata, akanipokonya beseni taratibu, akalirudisha ndani. Jumamosi iliyofuata nilitaka angalau kukoleza moto wa chai. Akanishika mkono. Tulikwenda kwenye sinagogi lao, jengo la matofali ya udongo na bati, wanaume upande huu na wanawake ule, na wakaimba Zaburi kwa Kiebrania na kwa lugha yao, kwa sauti zilizopanda na kushuka kama nyimbo za kulimia. Kuimba kulinigusa, sitasema uongo. Lakini mimi ni mtu wa kilimo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, maharage yao yalikuwa yanamezwa na magugu, siku ile ilikuwa kavu, ya kupalilia, nao wamekaa kivulini wanasimuliana Musa. Nilimwambia mwalimu magugu hayasomi Torati. Alicheka sana, akawatafsiria wenzake, wakacheka nao, na hakuna aliyenyanyuka.

Jioni ya siku hiyo, nyota zilipoanza kutoka, walikusanyika nyumbani kwa bibi kuiaga Sabato. Kuna mshumaa, kuna kikombe, na kuna kitu chenye harufu nzuri kinachopitishwa kila mtu anuse. Kwa kawaida walitumia majani fulani ya porini. Bibi aliingia ndani akatoka na kifurushi nilichomletea. Alikifungua, akanusa yeye kwanza kwa muda mrefu, macho amefumba, ndipo akampa jirani yake. Karafuu za Matombo zikazunguka mkono kwa mkono, mtu anavuta harufu, anasema amina, anampa mwingine. Zilipofika kwangu nilizinusa nikapiga chafya. Bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimefika.

Baada ya hapo alianza kunisemesha kwa Kiswahili. Alikuwa nacho siku zote, kibovu, cha kuokoteza, lakini cha kutosha. Siku moja tukiwa tunapukuchua maharage uani, alinieleza. Wakati wa yule dikteta ambaye nchi yetu ilikuja kumng'oa, dini yao ilipigwa marufuku. Sinagogi lilifungwa, vitabu vilifukiwa, watu wengi waliamua kuwa Waislamu au Wakristo na hakuwalaumu. Yeye na marehemu mumewe walisali kwa kunong'ona, mmoja anasali, mwingine amesimama mlangoni. Halafu siku moja askari wengine, wa kutoka kwetu, wakapita bondeni. Mmoja alikuja mpaka uani pale, na bunduki, kijana, viatu vimekwisha. Bibi alidhani mambo ni yaleyale.

"Akasema, tafadhali mama, naomba maji," bibi aliniambia. "Tafadhali. Mimi sikujua Kiswahili kina tafadhali."

Alimpa maji. Kijana akanywa, akasema asante, akaondoka. Mwaka huohuo wakafukua vitabu.

Akatikisa maharage kwenye ungo, akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyekuja katika vita vile.

Nilikuwa na jibu langu tayari, nililopewa barabarani Mafiga. Lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo, ananingoja. Nikasema ndiyo, mjomba wangu.

Nilidhani atashukuru. Aliuliza, "Alirudi mzima?"

"Alirudi," nikasema.

Akanitazama kidogo, akaendelea na maharage. Siku ya kuondoka alinipa kahawa yao, iliyokaangwa na kutwangwa nyumbani, akasema ni ya mjomba.

Nilirudi Morogoro nikakuta watu wameniwekea hukumu tayari. Mhadhiri aliisoma ripoti yangu, akasema nimeandika vizuri, lakini ingefaa nieleze wazi kwamba hawa si Wayahudi wenyewe. Nikamuuliza wenyewe ni wepi. Akasema ninajua anachomaanisha. Katekista wa parokia, aliyenikuta sokoni kwa mama, alisema vilevile, kwa upole zaidi. Hata mwanafunzi mwenzangu wa chumba kimoja bwenini, ambaye hakuwahi kufungua Biblia kwa hiari yake, alisema si wenyewe. Nilikuwa nimewaona wakifunga bila kula, wakiacha mazao yaharibike kwa ajili ya siku moja, wakisimuliana walivyojificha, na sasa watu ambao hawakuwahi kutoka Morogoro wananieleza walivyo.

Mama ndiye aliyenimaliza. Chupa alikuwa amezirudisha mwenyewe kabla sijafika, na kila aliyeuliza alimjibu kwamba mto ulikuwa mbali. Hilo nilimwachia, maana ni kweli ulikuwa mbali. Lakini aliitisha jumuiya nyumbani ili niwasimulie, na asubuhi ya siku hiyo, tukiwa tunapanga mikeka, aliniomba nisiwataje sana hao wa Uganda kwa sababu si Wayahudi wenyewe, watu watakata tamaa.

"Mama," nikamwambia, "na sisi Ukatoliki tulizaliwa nao? Si bibi yako ndiye aliyebatizwa wa kwanza pale misheni? Kuna aliyewahi kukwambia wewe si Mkatoliki mwenyewe?"

Aliendelea kukunjua mkeka. Akasema nisipandishe sauti, majirani wanasikia. Na kwamba mkeka ule upelekwe karibu na mlango.

Niliwasimulia wote, kama ilivyokuwa. Niliwaambia ni Uganda, ni watu weusi kama sisi, ni Wayahudi. Kisha mama mmoja mzee aliyetokea milimani, upande wa Mgeta, akauliza wanalima nini. Nikamtajia. Akauliza mlima wao una mwinuko kiasi gani, wanazuiaje udongo usishuke. Nikaeleza matuta yao. Mwingine akauliza kahawa wanamuuzia nani siku hizi ushirika unapokufa, mwingine akataka kujua kama migomba yao inapata ule ugonjwa wa mizizi. Saa nzima tulizungumza kilimo. Nilingoja mtu aniulize kuhusu sala, kuhusu Sabato, kuhusu vitabu vilivyofukiwa, vitu nilivyopelekwa kuvijua. Hakuna. Walipoondoka mama alisema mkutano ulikuwa mzuri sana.

Kahawa nilipanda nayo Matombo mwenyewe. Mjomba alikuwa amekaa barazani anasuka tenga. Nilimwamkia, nikamwekea kifurushi mbele yake, nikamwambia kimetoka kwa nani, na nikamwambia kwamba sikusema alivyonituma niseme. Nikamweleza yule askari na maji yake.

Alisuka kidogo.

"Huko sikufika," akasema. "Mimi niliishia upande wa magharibi."

Nikamsogezea fito nyingine.

"Mimi kule nilikopita sikusema tafadhali."

Aliniambia na mengine alasiri ile, ambayo sitayaandika. Hayakuwa mengi, na aliyasema akitazama tenga lake. Mkewe alituita kula, akaita tena, akakasirika kwamba ugali umepoa. Mjomba alipomaliza aliniuliza yule mama alikuwa na watoto wangapi, na kama nyumba yake ina bati. Nikamwambia ina bati. Akasema vizuri.

Mwaka uliofuata mhadhiri alinipa kazi ya kuwaelekeza waombaji wapya. Walikuja wawili, kijana na binti. Kijana aliniuliza kama kuna namna ya kuomba kubadilishiwa nchi. Binti alinisikiliza muda mrefu, anaandika kila kitu, nikaanza kupata moyo kwamba angalau huyu ananielewa. Nilimweleza Ijumaa ilivyo, Jumamosi ilivyo, nikamweleza bibi. Nilipomaliza akainua kichwa akaniuliza kama kule kuna umeme wa kupigia pasi. Nikamwambia hakuna, achukue viatu vya matope na asibebe nyama. Akaandika hilo pia.